Vitunguu vya Pilau ya Harusi

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka uso hunishuka. Ilikuwa asubuhi ya harusi ya dada yangu, nyumbani Kikwajuni, na wanawake wa mtaa wamekaa uani na visu vyao kumenya vitunguu maji vya pilau. Vitunguu vyenyewe nilivilima mimi, huko shamba Chwaka, kwenye mchanga. Niliwakataza wazee wasinunue sokoni. Nilijigamba sana, sikufichi.

Mchanga haukai na maji. Nilimwaga mbolea ya urea yote kwa mara moja, kisha nikafululiza kumwagilia, maji yakazama nayo chini na mizizi isipate kitu. Majani yakageuka manjano. Badala ya kuuliza, nikatia nyingine, na vitunguu vishaanza kutunga vichwa. Hapo majani yakanenepa, kila apitaye akanisifu, nami nikamwagilia mpaka siku ya kuvuna. Nikavitia magunia bila kuvianika. Siku mbili tatu baadaye nilivibonyeza, nikaona vimelainika. Nikayafunga magunia, nikayapeleka mjini hivyohivyo.

Shangazi yangu, Bi Zuwena, ndiye aliyesimamia mapishi. Kitunguu chake cha kwanza kilitoa maji yanayonuka. Cha pili vilevile. Wanawake wakatazamana, nami nikatamani ardhi inimeze. Shangazi akafunika gunia kwa kanga yake.

"Hivi vimeroa maji njiani," akawaambia. "Mmoja akimbie sokoni Darajani akanunue vyengine."

Tulipobaki wawili akaniuliza, taratibu, "Ulijua?"

"Nlijua, shangazi."

"Ungetwambia jana, mwanangu. Jana hakuna ambaye angekucheka."

Pilau ikachelewa, lakini ikaliwa. Wageni wakanishukuru kwa vitunguu vyangu vitamu. Nikasema ahsanteni. Shangazi alikuwa pembeni anaosha masufuria, akanisikia, wala hakuinua kichwa. Amefariki, Mungu amrehemu, na hakuwahi kulitaja tena.

Leo wewe umeukodi mchanga uleule. Mbolea itie kidogo kidogo, na maji yawe machache, ya mara kwa mara. Vitunguu vikianza kutunga, urea basi. Majani yakianza kulala, acha kumwagilia, na ukishavuna vianike mpaka shingo zikauke. Vikikuharibikia, na huenda vikakuharibikia, sema siku hiyohiyo. Mungu akubarikie shamba lako, mwanangu, na akujaalie wepesi wa kusema "nimekosea" kabla watu hawajashika visu.