Kifuniko cha Usukani

Mwalimu wangu wa umeme wa magari alikuwa mtu wa masikio. Mafundi wengine wa Shinyanga walifungua kwanza ndipo wakatafuta ubovu. Yeye alisikiliza kwanza. Alichukua bisibisi ndefu, akaegemeza ncha kwenye jenereta na mpini sikioni, akafumba macho, kisha akasema, "Beringi ya nyuma imekwisha." Tukifungua, tunakuta ni beringi ya nyuma. Nilifanya naye kazi miaka tisa, mitano nikiwa mwanafunzi wake, minne tukiwa washirika katika banda moja la mabati karibu na kiwanda cha kuchambua pamba. Mimi nilimwita Fundi. Yeye aliniita mdogo wangu, ingawa yeye alikuwa Msukuma wa Kishapu na mimi Msumbwa wa Ushirombo.

Miaka ya themanini ilikuwa inakaribia kwisha. Tulizoea malori ya pamba na pikapu za serikali, magari ambayo waya zake zote tulizijua kama vidole vyetu. Siku moja ya kiangazi, saa nne asubuhi, likaingia gari dogo jeusi la Kijerumani, limejaa vumbi la barabara ya Geita. Mwenyewe alikuwa mnunuzi wa dhahabu, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Alikuwa amelinunua kwa mzungu mmoja aliyemaliza mkataba wake na kurudi kwao.

"Kuna taa nyekundu haizimiki," alisema. "Tangu masika, nilipovuka mto maji yakaingia mpaka kwenye mazulia. Fundi wa Geita amebadilisha oili, ameongeza maji ya breki, bado inawaka. Na honi nayo siku hizi inalia inapotaka yenyewe."

Fundi aliketi kwenye kiti cha dereva, akawasha swichi. Taa ilikuwepo, ndogo, karibu na saa ya mwendo. Alipima oili, akapima breki, akapima chaji. Vyote vilikuwa sawa. Ndipo akaona maandishi katikati ya usukani, kwenye kifuniko kinene cha plastiki pale mtu anapobonyeza honi.

"Mdogo wangu, wewe una Kiingereza. Hapa pameandikwaje?"

Nilisoma. Lilikuwa neno moja lililotengenezwa kwa maneno mawili. "Hewa," nilisema. "Na mfuko. Mfuko wa hewa."

Alifikiri kidogo. "Honi ya upepo," alisema. "Kama ya malori. Mfuko wa upepo umo humu ndani. Ndiyo maana honi inasumbua na taa inawaka. Ugonjwa ni mmoja."

Mimi nilikubali. Nataka nieleze hilo wazi, kwa sababu baadaye watu walisema Fundi alikuwa mbishi. Hakuwa mbishi. Alisema jambo lenye maana, na mimi mwenye Kiingereza niliona lina maana. Ndani ya gari kilikuwemo kitabu chake, lakini kilikuwa cha Kijerumani. Fundi alikifunua, akatazama picha moja mbili, akakirudisha.

Tulifungua waya za betri. Kifuniko kilishikwa kwa skrubu mbili nyuma ya usukani, zenye kichwa cha nyota ambacho hatukuwa na ufunguo wake. Fundi alichukua ufunguo wa pembe sita akaupiga tupa kwa nusu saa mpaka ukaingia barabara kwenye ile nyota. Alinionyesha huku akitabasamu. Kifuniko kikatoka, kizito kuliko honi yoyote niliyowahi kushika. Nyuma yake kulikuwa na kopo la chuma na soketi yenye pini mbili.

Honi tulikuwa tunaijaribu hivi: unaichomoa, unachukua waya mbili, unaipa umeme wa betri moja kwa moja. Ikilia, ubovu uko kwenye waya za gari. Isipolia, inagonga kidogo ndani, na mwenye sikio anajua kilichokufa ni nini. Fundi alikaa kwenye kisanduku cha vifaa, akakiweka kifuniko mapajani, uso wa plastiki ukimtazama. Akachomeka waya mbili kwenye zile pini. Ncha za upande wa pili alinipa mimi, niliyesimama karibu na betri.

"Gusa kidogo tu," alisema, akainama kusikiliza.

Nikagusa.

Mlio ule sijausikia tena. Haukuwa mrefu. Nilipotazama, Fundi alikuwa chali, kisanduku kimepinduka, na juu ya kifua chake kulikuwa na mfuko wa kitambaa umelegea, unatoa moshi mweupe. Unga mweupe ulikuwa umemjaa usoni, kwenye nywele na kwenye shati. Mikono yake ilikuwa inapapasa hewani. Hakupiga kelele. Alikuwa anauliza, "Nini? Nini?" kama mtu aliyeitwa naye hakusikia vizuri.

Nilichukua kitambaa cha kazini nikaanza kumfuta macho. Nilifuta kwa nguvu, kwa sababu alikuwa anasema yanawaka. Pipa la maji lilikuwa mlangoni pa banda, hatua sita. Sikulifikiria. Mnunuzi wa dhahabu alisema tumpakie kwenye pikapu ya jirani, tukampakia, nikaendelea kumfuta njia nzima mpaka hospitali.

Huko walimlaza wakaanza kumwagia maji machoni, chupa baada ya chupa, na muuguzi akanifukuza mlangoni. Sikuelewa kwa nini wanatumia maji yote hayo kwa mtu aliyepigwa. Mkono wa kushoto ulikuwa umevunjika juu ya kiganja. Mkono ulipona. Jicho la kulia lilikufa lote. La kushoto lilibaki likitofautisha mchana na usiku, na dirisha na ukuta, basi. Sikio la kulia lilibaki na mvumo usiokoma.

Mkewe alikuja kutoka Kishapu na nguo mbili na sufuria. Nilimwamkia, akaitika, kisha akauliza, "Aligongwa na gari gani?" Nilijaribu kumweleza. Kila nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuwa kama uongo: kwamba usukani ulilipuka, kwamba gari lilikuwa limesimama, kwamba halikuwa hata na waya za betri. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Sasa nani aliwasha?" aliuliza. Nikamwambia ni mimi. Akageuka akaendelea kumpepea mumewe.

Gari lilikuwa bado bandani. Mwenyewe alikuwa amerudi Geita kwa basi. Nilikaa ndani yake siku ya tatu, nikakichukua kile kitabu, na kesho yake nikapanda lori la Kahama, kisha jingine, mpaka kwetu Ushirombo. Katika misheni moja upande ule kulikuwa na sista mzee wa Kijerumani aliyenifundisha katekisimu nikiwa mdogo.

"Tumsifu Yesu Kristo," nilisema mlangoni.

"Milele amina. Ingia, mwanangu. Nani amekufa?" Nadhani aliuona uso wangu.

Nikampa kitabu. Alivaa miwani, akatafuta ukurasa, akausoma kwanza peke yake kimya kimya. Kisha akanitafsiria polepole, kwa Kiswahili chake cha kila neno mahali pake. Ndani ya usukani kuna mfuko. Gari likigonga, mfuko unajaa kwa kufumba na kufumbua, ili kifua cha dereva kisipige usukani. Taa nyekundu inasema kwamba chombo hicho kina hitilafu, huenda hakitafanya kazi siku ya ajali. Mfuko unajazwa na baruti iliyomo kwenye kopo.

"Baruti?" niliuliza.

"Si baruti ya mgodi. Lakini jamaa yake. Inawashwa kwa umeme kidogo sana." Akaendelea kusoma. Usipime kwa taa. Usipime kwa mita. Usiguse pini kwa umeme wa betri. Unga ukiingia machoni, osha mara moja kwa maji mengi, usifute.

Nilimwomba arudie hilo la mwisho. Alirudia, akanitazama juu ya miwani, akakifunga kitabu.

Mnunuzi wa dhahabu aliishi kwa baruti. Mashimo yaliyomlisha yalipasuliwa kwa baruti, na vijana wake wote walijua kwamba fataki ya kuwashia baruti haisogezwi karibu na betri. Neno hilo moja kwa Kiswahili, juu ya ule usukani, lingetosha.

Sista alikaa nami siku mbili. Alinisomea sura nzima, nami nikaiandika kwenye daftari, hatua kwa hatua, pamoja na michoro.

Fundi alipotoka hospitali alipanga chumba karibu na banda, kwa sababu alitakiwa kurudi kusafishwa jicho. Nilikwenda kila jioni. Siku moja nilimwambia yote niliyosomewa. Alisikiliza, uso ameuelekeza mlangoni kwenye mwanga.

"Mimi ndiye niliyegusa betri," nilisema.

"Mimi ndiye niliyekuambia uguse. Hilo liache." Kisha akauliza, "Siku ile pipa lilikuwa na maji?"

Ningeweza kusema halikuwa nayo. Kilikuwa kiangazi, angeamini.

"Lilikuwa nayo," nilisema. "Lilikuwa limejaa."

Akatikisa kichwa mara kadhaa, taratibu. Mkewe alileta ugali, tukala, nikaondoka.

Miezi ikapita. Mnunuzi wa dhahabu akarudi na sanduku: kifuniko kipya cha usukani, alichoagiza Ujerumani kupitia kwa yule mzungu wa zamani. Alimletea Fundi mchele, na mke wa Fundi khanga mbili, akaketi kwa muda, akaondoka bila kutaja gari. Nje ndipo aliponiuliza kama ninaweza kukifunga. Nikamwambia sitaki hata kukiona.

Fundi alikuwa amesikia kupitia dirishani. Aliniita.

"Ukikataa, atakipeleka wapi?"

"Sijui. Mwanza. Popote."

"Kwa fundi atakayedhani ni honi." Alipapasa akashika mkono wangu. "Kifunge wewe. Na mimi nitakuwepo."

Kazi tuliifanya asubuhi. Nilimketisha Fundi mbali, nyuma ya ukuta wa tofali, naye akanilazimisha nisome kila mstari wa daftari kwa sauti kabla sijautenda.

"Toa ufunguo wa gari," nilisoma.

Nikautoa. "Nimetoa."

"Endelea," Fundi alisema.

"Fungua waya hasi wa betri, ufunike ncha yake, usubiri." Tulisubiri muda mrefu kuliko alivyonisomea sista. Kisha nikainua zulia la upande wa abiria, kutafuta soketi nyekundu inayounganisha chombo kizima. Niliikuta. Nikaitenganisha, nikakaa kwenye kizingiti cha gari bila kuendelea.

"Umeona nini?" Fundi aliuliza.

"Kutu."

"Kutu ipi?"

"Ya kijani. Kwenye pini. Maji ya ule mto."

Ubovu wote wa ile taa ulikuwa huo. Ilikuwa kazi ya brashi laini na spiriti, robo saa. Niliisafisha mpaka pini zikang'aa, nikaikausha.

Kifuniko kipya nilikibeba uso wake ukitazama nje, mbali na mwili wangu, mikono imenyooka. Nilisimama njiani mara mbili. Nikachomeka soketi ya nyuma bila kuinamisha uso juu yake, nikakaza zile skrubu mbili kwa ufunguo alioupiga tupa Fundi mwenyewe. Nikarudisha soketi nyekundu chini ya zulia. Nikamwondoa kila mtu ndani ya banda, nikarudisha waya wa betri, kisha nikasimama nje ya mlango wa gari, nikapitisha mkono pembeni na kuzungusha swichi.

Taa iliwaka. Nikahesabu moyoni. Ikazimika.

"Vipi?" Fundi alisema kutoka nyuma ya ukuta.

"Imezimika."

"Izime, uwashe tena."

Nikawasha tena. Ikawaka, ikazimika. Mwenye gari alicheka kwa furaha, kisha akakumbuka mahali alipo, akaacha. Aliondoka mchana ule kwenda Geita na sikumwona tena.

Wiki iliyofuata Fundi alirudi Kishapu. Nilimpakia kwenye lori la pamba, mkewe akiwa amemshika shati kwa nyuma kama anavyoshikwa mtoto anayejifunza kutembea. Banda niliendelea nalo peke yangu. Daftari nililinakili mara tatu kwa mkono na kuwapa mafundi niliowajua, mmoja wa Mwanza na wawili wa Kahama. Mmoja wao aliniuliza kwa nini ninahangaika na gari ambalo hatutaliona tena maishani.

Nilikwenda Kishapu mara mbili. Mara ya kwanza aliniuliza habari za kazi, nani ameleta nini, nikamweleza kila gari, akanisahihisha mawili matatu. Mara ya pili alikuwa amekonda, amekaa kwenye ngozi kivulini mwa nyumba, anasokota kamba za katani za kufungia ng'ombe. "Mwadila," nilimwamkia, salamu ya mchana ya Kisukuma. Aliitikia, akanitambua kwa sauti. Nilipoanza habari za gari fulani lililonishinda, aliinua mkono.

"Hizo habari zimenitosha, mdogo wangu," alisema. "Niambie huko kwenu mvua imenyesha?"

Nikamwambia haijanyesha. Tukazungumza habari za mvua na pamba mpaka lori la kurudi likapiga honi barabarani. Kamba ilimponyoka aliposikia ule mlio, nami nikainama kumwokotea.