Marlys Anamtafuta wa Ratili Mia na Sita

Marlys Tollefson hakuhitaji mizani. Alikuwa binti wa mfuga nguruwe, na kabla hajajua kusoma sawasawa aliweza kumtazama nguruwe akipita langoni na kutaja uzito wake, akakosea ratili mbili tatu, basi. Kwenye maonyesho ya wilaya, ambako watu hushindana kukisia uzito wa dume la nguruwe, alishinda miaka mitatu mfululizo, mpaka wakamwomba kwa adabu awaachie na wengine. Akawaachia, ila kila mwaka alisimama pale kando ya uzio na kuguna kila mtu alipokosea.

Alipofika miaka sitini na mmoja jicho hilo lilikuwa kazini bado. Alipakua chakula jikoni katika sekondari ya Hadley Grove, kule Iowa, na msimu wa mieleka ulipofika alikaa kwenye meza ya kuandika alama na kalamu yake. Kazi zote mbili alikuwa amezifanya miaka ishirini na saba. Watoto aliowapakulia viazi walikuwa wamekuja kumletea watoto wao.

Alipoanza kazi hizo mji ulikuwa na shule moja, na habari za mpaka hazikuwapo. Kisha mashamba ya mahindi ya upande wa kaskazini yakaanza kuuzwa moja baada ya jingine, likiwemo la baba yake Marlys, ambalo kaka yake aliliuza hata bila kumpigia simu. Palipokuwa na zizi la nguruwe pakaota nyumba arobaini zinazofanana kama mayai, na mitaa ikapewa majina ya miti iliyokatwa kuipisha. Katika moja ya nyumba hizo alihamia binti yake Marlys, na mjukuu wake Keaton akawa analala palepale bibi yake alipokuwa akimwaga pumba. Marlys hakupenda, na hakuficha kwamba hapendi.

Nyumba zilipozidi, bodi ya shule ikajenga sekondari ya pili, ikachora mpaka kufuata reli: wa kaskazini ya reli kule, wa kusini huku. Kwenye ramani ilikuwa nusu kwa nusu, haki bin haki. Lakini bodi ilichora ramani ya siku ile, na nyumba hazikuacha kuota siku ile. Mwaka wa tano Shule ya Kaskazini ilikuwa na wanafunzi elfu moja na mia tisa, na ile ya kwanza, Shule Kongwe kama ilivyokuja kuitwa, ilibaki na mia saba. Kaskazini walikuwa na timu tatu za mpira. Huku Kongwe kijana alicheza mpira nusu ya kwanza, na wakati wa mapumziko akakimbilia bendi kupiga ngoma, jezi mwilini na matope usoni.

Mieleka ndiyo iliyoumia zaidi. Timu ina nafasi kumi na nne za uzani, kuanzia wa ratili mia na sita hadi wale vibonge wa mia mbili themanini na tano, na kila uzani usio na mtu humpa mpinzani alama sita za bure. Mwezi wa kumi ikaja barua kutoka bodi, imeandikwa kwa ile lugha laini ya watu wanaotaka kukunyang'anya kitu. Ilisema kwamba Shule Kongwe isipoweza kuweka watu kumi mkekani siku ya kupambana na Kaskazini, mwezi wa kwanza, basi timu hizo mbili zitaunganishwa, na jina litakuwa Kaskazini.

Kocha Hruska aliisoma barua hiyo jikoni, akiegemea friji.

"Nina tisa," alisema. "Tisa tu, Marlys. Sina wa mia na sita, sina wa mia na ishirini, na sina hao wazito watatu."

"Unahitaji mmoja."

"Nimeshamaliza kuzunguka madarasani. Wote wananiambia wana kazi, wana bendi, wana goti."

"Wewe unawauliza," Marlys alisema. "Mimi nitawatazama."

Akaanza kuwatazama. Kila mtoto aliyepita na sinia yake alipimwa kwa jicho kuanzia mabegani hadi kwenye nyonga, na wengine walianza kuona haya. Siku ya tisa akapita kijana wa kidato cha kwanza, Ismael Quiroz, mwembamba, shingo fupi, mikono mirefu, anayebeba sanduku la tarumbeta zaidi ya anavyobeba vitabu.

"Wewe," Marlys akasema, kijiko hewani. "Ratili mia na nne."

Kijana akatazama nyuma yake. "Mia na tatu."

"Ulipimwa bila viatu. Unajua mieleka?"

"Mimi napiga tarumbeta, Bi Marlys."

"Basi mapafu unayo tayari. Kocha atakufundisha mengine. Saa tisa na nusu, ukumbi mdogo. Usinifanye nije kukutafuta, nina miguu mibovu na hasira nyingi."

Kwa nini Ismael alikwenda, mwenyewe hakuweza kueleza. Labda ni kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumchagua kwa ajili ya udogo wake. Alibwagwa kila siku kwa wiki tisa. Aliyembwaga zaidi alikuwa Brecken Oltmann, wa mwaka wa mwisho, nahodha, wa ratili mia na kumi na tatu, ambaye kufikia pambano na Kaskazini alikuwa ameshinda mara ishirini na moja mwaka huo bila kushindwa hata moja. Kila alipombwaga alimwinua kwa mkono na kumwambia kosa lake, kisha akambwaga tena.

Huyo Brecken na Keaton, mjukuu wa Marlys, walikuwa chanda na pete. Walianza mieleka pamoja wakiwa na miaka sita, wakifanya mazoezi kwenye mkeka mmoja kila jioni, mpaka reli ilipowatenga. Uzani wao sasa ulikuwa mmoja, lakini hawakuwahi kukutana mashindanoni, maana miaka ya kwanza walitofautiana uzani, na mwaka uliotangulia Keaton alikuwa amevunjika kidole. Sasa walikuwa wanakutana, na mji mzima ulikuwa unahesabu siku. Hata kwenye mnada wa ng'ombe watu walibishana.

Jumapili moja Keaton alimchokoza bibi yake mezani. "Bibi, njooni tu Kaskazini. Tuna mikeka mipya, tuna mizani ya kompyuta. Huko kwenu paa linavuja."

"Linavuja juu yangu, wewe linakuwasha nini?"

"Nawaonea huruma tu."

"Huruma yako mpe mama yako, umsaidie kuosha vyombo. Shule ile mimi nimesoma, mama yako amesoma, na jina lake halifi nikiwa natazama."

Binti yake akacheka. Marlys hakucheka.

Tatizo la Marlys lilikuwa moja: hakuweza kumwona mtoto mwembamba akabaki ametulia. Alikulia mahali ambapo kunenepa ni sifa. Kocha alimwambia waziwazi kwamba Ismael yupo kwenye ratili mia na tano, asimwongezee chakula. Marlys akasema ndiyo, ndiyo. Lakini Jumatano ya kuelekea pambano jikoni kulikuwa na chakula kinachopendwa kuliko vyote, mchuzi mzito wa maharage na nyama ya kusaga pamoja na mkate mtamu wa mdalasini, na Ismael akapita akiwa amechoka, macho yameingia ndani. Mkono wa Marlys ukafanya kazi peke yake.

Alhamisi ilipofika, saa moja kabla ya pambano, ukumbi wa Shule Kongwe ulikuwa umeshaanza kujaa. Marlys alikuwa mezani akipiga mistari kwenye daftari la alama Kocha Hruska alipotoka chumba cha kubadilishia nguo, uso umempauka.

"Mia na saba na nusu," alisema.

"Nani?"

"Unajua nani. Amezidi ratili moja na nusu, na hakuna kurudia mizani. Marlys, ulimpa mikate mingapi jana?"

"Miwili."

"Marlys."

"Minne," akasema. "Na mchuzi mara mbili."

Kocha alikaa chini kwenye kiti cha mtunza saa na kujifuta uso. Wiki tisa za kumwinua yule mtoto kutoka sakafuni, na mkono uliomleta ndio uliomharibia. Marlys alihisi aibu ikimpanda hadi masikioni. Alimwona mkurugenzi wa michezo wa wilaya akiingia na karatasi yake ya kuhesabia watu, akachagua kiti cha mbele, akavua koti, akakunja nne. Marlys angeweza kulia pale pale, na alikuwa na sababu. Lakini kilio hakijazi uzani, na alikuwa na dakika hamsini.

Akalifungua daftari na kulitazama. Hakuhitaji muda mrefu, uzito wa kila mmoja wao aliujua kama majina yao.

"Ismael hawezi mia na sita," alisema taratibu. "Anaweza mia na kumi na tatu, si zaidi, maana sheria inaruhusu kupanda uzani mmoja tu. Na Brecken naye apande mmoja, aende mia na ishirini, pale tulipokuwa hatuna mtu. Mia na sita inabaki tupu. Hesabu bado ni kumi."

Kocha alimkazia macho. "Wa mia na ishirini wa Kaskazini ni yule aliyeshika nafasi ya pili jimbo zima. Na Brecken mwaka huu hajashindwa hata mara moja. Amemngoja Keaton tangu akiwa na miaka kumi na minne. Mimi siwezi kumwambia hivyo."

"Kosa ni langu," Marlys akasema. "Nitamwambia mimi."

Alimkuta Brecken kwenye ujia, akirukaruka na kofia ya koti lake usoni. Marlys hakuzungusha maneno.

"Brecken, nimemlisha Ismael mpaka amezidi. Nimekosea mimi, si yeye. Timu ikibaki na tisa, inakufa leo. Ukipanda mia na ishirini, tunakuwa kumi."

Kijana aliacha kuruka. "Na Keaton?"

"Keaton atapigana na Ismael."

Brecken aliegemea ukuta, akatazama dari, pale paa lilipoacha doa la maji. Marlys hakumshika bega. Alijua anachomwomba mtoto wa watu.

"Yule jamaa ananizidi ratili saba," Brecken akasema mwishowe.

"Nane."

"Asante, Bi Marlys. Umenitia moyo sana." Akavuta zipu ya koti hadi shingoni. "Mwambie Kocha aandike."

Habari zilisambaa kabla hajarudi mezani. Keaton alimfuata akiwa amefura, vazi la Kaskazini mwilini.

"Bibi, ni kweli? Brecken ananikimbia?"

"Anayekimbia hapandi uzani, mjukuu wangu. Anashuka."

Keaton alipoelewa, hasira ilimtoka usoni na pakabaki uchungu wa mtoto aliyenyimwa kitu alichokingoja. "Sasa huyu mdogo nimfanye nini?"

"Cheza naye mieleka. Usimwonee huruma, amekuja kushindana. Ukimlegezea nitajua, na jicho langu unalijua."

Kura ya siku hiyo iliamua waanze na uzani wa mia na ishirini na sita na kupanda, kisha warudi kwa wepesi, hivyo mia na ishirini ikawa ya mwisho. Jioni ilikuwa ndefu kwa Shule Kongwe. Walishinda mapambano matatu, wakapoteza matano, na kwa wale wazito watatu wasiokuwapo refa aliinua mkono wa mtu wa Kaskazini aliyesimama peke yake mkekani. Alipoinua wa nne, wa mia na sita, watoto wa Kaskazini walipiga makofi. Marlys aliandika wasio na mtu kama alivyoandika waliopo, kwa mwandiko uleule. Wanane wa Kongwe walikuwa wameshapanda mkekani.

Ismael akaingia. Alisalimiana na Keaton, na dakika ya kwanza ikapita akiwa bado hajabwagwa mgongo chini, jambo ambalo hakuna aliyelitegemea, hata yeye. Keaton hakumlegezea. Dakika ya pili alimwingia miguuni, akamgeuza, akambana mabega, na refa akapiga kofi mkekani. Ismael aliinuka akiwa na damu puani. Badala ya kwenda kwenye benchi, alikuja moja kwa moja mezani, akihema.

"Bi Marlys, nimehesabiwa?"

Mwandika alama haruhusiwi kuzungumza na wachezaji. "Umehesabiwa," alisema. "Wa tisa. Ziba pua."

Brecken alitoka peke yake. Hakutazama upande wa Keaton, na Keaton hakukaa. Kwa dakika sita zote Brecken alisukumwa na mtu mzito kuliko yeye, akarudi, akasukumwa, akarudi, na watu wa mji wa zamani walisimama mmoja mmoja mpaka ukumbi mzima wa upande ule ukawa umesimama. Zikiwa zimebaki sekunde kumi alikuwa nyuma kwa alama moja. Aliingia miguuni mara ya mwisho, akaukamata mguu, akaubeba hadi ukingoni, na kengele ikalia ukiwa mikononi mwake. Nne kwa tano. Refa aliuinua mkono wa yule mwingine.

Kaskazini walishinda sitini kwa kumi na mbili. Mkurugenzi wa michezo alikuja mezani, akahesabu majina kwenye daftari kwa ncha ya kidole, akahesabu tena, akatia saini na kuondoka.

Brecken alipita nyuma ya kiti cha Marlys, taulo kichwani.

"Ni kumi?" aliuliza.

"Ni kumi."

"Kesho mazoezi saa kumi na mbili asubuhi. Mwambie Ismael asichelewe."

Akaingia chumba cha kubadilishia nguo na kufunga mlango. Marlys aliusikia mlango wa kabati ukipigwa teke, mara moja, kwa nguvu zote. Akachukua kalamu, akaandika kule kushindwa kwa kwanza kwa mwaka mbele ya jina la Oltmann kwa mkono wake mwenyewe, polepole, bila kukosea hata herufi moja.