Injini Aliyoichagua Mizani

Mimi si fundi. Mimi ni mke wa fundi, na hiyo nayo ni kazi, ila haina likizo. Mume wangu wanamwita Mizani, kwa sababu haamini kitu mpaka akipime. Karakana yake ni banda la mabati lililoshikana na ukuta wa jiko letu, na ndani yake kuna mzani wa magunia uliofungwa kwenye boriti. Kila kinachoingia humo lazima kining'inie kwanza: gurudumu, tangi, hata kiti. Tulipooana nilimtania kwamba iko siku atanitundika na mimi. Hakucheka. Aliniuliza nina kilo ngapi.

Tangu ujana wake ametengeneza injini za pikipiki tu, hajawahi kushika kingine. Na pikipiki anazoletewa ni zile zilizoanguka. Zinashushwa zimepinda, mara nyingine kiatu kimenasa kwenye cheni, naye anachukua ndoo na brashi aoshe kabla hajagusa spana. Yapo aliyoyaosha ambayo hakunisimulia, na mimi sikuuliza. Nilikuwa naona tu namna anavyokula siku hiyo.

Sasa mtu wa namna hiyo, Mungu akampa mtoto mmoja, wa kike, na mtoto mwenyewe akapenda pikipiki kuliko chakula. Mtoto wa nyoka ni nyoka, nitamlaumu nani? Tulimwita Kishada, kama kile cha karatasi kinachopeperushwa na upepo, maana tangu anatambaa alikuwa hakamatiki. Alipopata kazi kwenye kiwanda cha uchapaji alijinunulia pikipiki kubwa ya silinda nne, inayolia kama kitambaa kinachochanwa. Asubuhi akiondoka, baba yake alikuwa anaacha kazi, anasimama na spana mkononi mpaka mlio upotee, ndipo anainama tena.

Alimsihi, akagombana naye, akanuna. Kishada aliyapokea yote kwa heshima na kesho yake akapanda pikipiki yake. Basi siku moja tukiwa mezani, mume wangu akasema atamtengenezea gari. Si gari la kubebea watu. Gari la mbio, la chini kabisa, wazi juu, magurudumu mawili mbele na moja nyuma, lenye injini ya pikipiki. Litakimbia kama pikipiki, akasema, lakini haliwezi kuanguka.

Kishada aliweka kijiko chini. "Baba, likikimbia kweli, pikipiki nakuachia."

Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Nilijiona kama mtu aliyerudishiwa mtoto kabla hajampoteza.

Fremu haikumchukua muda, mabomba anayajua. Kazi ilikuwa kuchagua injini. Zilikuwepo mbili. Ya kwanza ilikuwa ya silinda mbili, ndefu na nyembamba, imetoka kwenye pikipiki ya safari iliyogonga ukuta. Haina mbwembwe, lakini inavuta tangu chini. Rafiki yake, fundi wa kerezo, mashine ya kuchonga vyuma, wa ng'ambo ya barabara, aliipenda hiyo. Alisema gari lina uzito, linataka ng'ombe, halitaki sungura. Ya pili ilikuwa ile ya Kishada mwenyewe, bado iko ndani ya pikipiki yake.

Weee, walibishana hao! Mume wangu alizipima zote mbili kwenye mzani. Akapima fremu, akampima na binti yake, kaning'inia kwenye kamba anacheka kama mwehu. Akavuta uzi kuona kama cheni itanyooka mpaka gurudumu la nyuma. Akafikiria joto la injini litatolewa vipi. Akakumbuka kwamba pikipiki haina gia ya kurudi nyuma, wakabuni ya kwao kwa kutumia mota ya starta. Mimi nilikuwa napeleka maji tu, kama karani wa mahakama, na nakwambia hakuna swali ambalo watu wale wawili hawakuliuliza. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Akachagua ya Kishada. Ni nyepesi, akasema, inakaa chini, cheni inanyooka, na mbio inazo. Yote kweli. Lakini sababu ambayo hakuitundika kwenye mzani aliniambia mimi, ananawa mikono kwenye beseni.

"Nikiitoa injini, ile pikipiki inabaki mifupa. Hata akibadili mawazo, hana cha kupanda."

Nikamwambia, hapo sasa umepima, Baba Kishada.

Waliitoa pamoja, baba na binti. Binti alikuwa anapokea bolti na kuziweka mapajani. Ile pikipiki ikabaki kwenye kona ya banda, tupu katikati, nami kila nikipita naitazama kwa raha kabisa, kama adui aliyeng'olewa meno.

Gari lilipokamilika alilijaribu mwenyewe kwanza. Alikwenda nalo mpaka kwenye kinu cha nafaka na kurudi, mara nyingi, akapita kwenye mashimo, akafunga breki ghafla. Kila akirudi anachungulia kidirisha cha oili: iko pale pale, imejaa. Lakini mume wangu anaendesha kama aliyebeba mayai. Kishada alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Akamuuliza, "Baba, umelijaribu au umelitembeza?" Tukacheka wote watatu. Akapewa ufunguo.

Alirudi nywele zimesimama, akamkumbatia baba yake na ovaroli lake la grisi. Alituambia kwenye kona ndiko raha iliko: pikipiki inalala unaogopa, hili limekaa sawa kama meza, unaweza kulikaza utakavyo. Mume wangu akatikisa kichwa, ameridhika. Tangu siku ile alianza kulala usingizi. Sijui nieleze vipi. Mtu niliyezoea kumsikia akigeuka geuka, sasa anakoroma, na mimi niko macho nalifurahia koromo lake.

Barabara ya kwenda kiwandani inazunguka machimbo ya kokoto, kona moja ndefu isiyoisha. Asubuhi ile dereva wa lori alikuwa nyuma ya Kishada, na ndiye aliyekuja kutueleza, ameshika kofia mikononi. Binti aliingia kwenye kona kwa kasi, akasema, na hakupunguza. Alikuwa anaendesha vizuri sana. Katikati ya kona kikasikika kishindo, gurudumu la nyuma likaacha kuzunguka papo hapo, gari likazunguka kama pia ya watoto, likaenda kupiga jiwe kwa ubavu, upande aliokaa yeye.

"Halikuanguka, mama," aliniambia. Nadhani alitaka kunifariji. "Lilisimama kwa magurudumu yake yote."

Uani kulijaa watu. Kazi ya Mungu haina makosa, walisema. Ajali haina kinga, walisema. Nilitaka kuwafukuza. Haina kinga? Baba yake yule pale kwenye benchi, miezi yote ile alikuwa anatengeneza kinga, na mwanangu amefia ndani yake.

Msiba ungali nyumbani, mume wangu akaingia bandani na kuifungua injini. Tuliisikia spana. Shemeji zangu walikasirika, walisema hiyo si heshima. Nikawaambia mwacheni, kila mtu analia kwa anachokijua.

Nilipomfuata nilimkuta na fundi wa kerezo, wameiinamia injini. Beringi za katikati zilikuwa zimeungua, zimegandana na chuma. Injini iliyokosa oili, hata mimi najua hilo. Lakini oili ilikuwemo, yote, safi. Akalichukua lile karai la chini ya injini, pana na lenye kina kifupi kama sinia, akaliweka kwenye benchi na oili yake, akalisukuma kwa nguvu kwa mkupuo. Oili yote ikakimbilia upande mmoja. Pale kati, mdomo wa pampu unapokaa, pakabaki pakavu.

Ndipo akanieleza, polepole, kama anamweleza mteja. Pikipiki ikikata kona inalala, na oili inalala nayo, haitoki chini ya pampu. Gari halilali. Kona fupi haina neno. Kona ndefu, kwa kasi, pampu inanyonya hewa, na injini inakwama. Vibati vinne vya kuzuia oili vingetosha, kazi ya asubuhi moja. Maisha yake yote pikipiki zilikuwa zinalala zenyewe, hakuwahi kuwa na haja ya kuliwaza. Hata fundi wa kerezo hakuliwaza, ile injini yake aliipenda kwa nguvu tu.

Nilikuwa na swali moja. Nililijua ni baya, na nilikuwa na hasira, nikaliuliza.

"Baba Kishada. Injini hii hii, kona ile ile, kasi ile ile. Ingekuwa bado iko kwenye pikipiki yake?"

Mume wangu hajawahi kusema uongo kuhusu injini. Wateja walimchukia kwa hilo. Nilimwona anautafuta uongo usoni pangu, anitulize, na hajui unashikwa wapi. Akafuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Angefika kazini," akasema.