Feni Iliyosimama

Mume akistaafu, watu huja kukupongeza. Heri wangekuja kukupa pole. Ndivyo alivyoona Mama Cherehani, ambaye mtaa mzima ulimwita hivyo kwa kuwa alishona nguo sebuleni kwake, mlango wazi, na ambaye katika ndoa yake yote alikuwa amezoea mume wa kuja na kuondoka. Mume huyo alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Madereva wenzake walimpachika jina la Taratibu, kwa sababu hakuwahi kukimbiza gari hata akiwa amebeba nyanya zinazoanza kuoza. Alikuwa akija nyumbani, anakula, analala, anataniana na watoto, kisha huyo, kaondoka. Ndoa ilidumu vizuri sana.

Halafu jicho lake la kushoto likaingia ukungu. Daktari alilitazama, akasema halitarudi kama zamani, na kampuni ikachukua funguo za lori. Taratibu akarudi nyumbani moja kwa moja, na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Kukaa hakujui. Kila asubuhi aliikagua nyumba kama alivyokuwa akilikagua lori kabla ya safari: anauzunguka mtungi wa gesi, anaupiga teke dogo, anainama chini ya kochi kutazama kama kuna kinachovuja. Mkewe akitoka jikoni na sufuria ya moto, yeye husimama kwenye ukumbi akimpa ishara za mikono: njoo, njoo, kata kulia, simama hapo hapo. Siku moja aliitia cherehani oili bila kuombwa, akaitia mpaka ikashiba, na gauni jeupe la mteja likatoka na mstari mweusi kuanzia shingoni hadi kiunoni. Mama Cherehani aliketi akashika tama. Alitaka kufoka, akajikuta anacheka, kisha akalia kidogo. Mwenye gauni alipokuja kulichukua ndipo alipofoka, akamtukana mumewe mbele ya mteja.

Hasira yake lakini haikudumu, maana alimwona mumewe pale dirishani. Taratibu alikaa akisikiliza malori yanayopanda kilima nyuma ya nyumba, akisema kwa sauti ya mtu anayeota: "Gia ya nne. Ya tatu. Huyo kachelewa kushusha." Mguu wake wa kulia ulikanyaga zulia. Mwanamume aliyeijaza nyumba nzima kwa mdomo wake alikuwa anapungua mbele yake siku hadi siku, na yeye, pamoja na ufundi wake wote, hakujua aanzie wapi kumshona.

Aliyeleta dawa ni binti yao. Alikuja kuwajulia hali, akamwonyesha baba yake kwenye simu video ya mchezo wa kompyuta ambao mtu anaendesha lori. Kulikuwa na mizigo, vituo vya mafuta, milima, mvua, mpaka vipangusio vya kioo. Taratibu aliishika simu kwa mikono miwili mpaka video ikaisha.

"Na hapo hawapimi macho?" akauliza.

"Hapo hawapimi chochote, baba. Ila simu haiwezi. Unahitaji kompyuta yenye nguvu, ya kuunganishwa kipande kwa kipande. Kuna fundi namfahamu. Wewe utachagua tu."

"Nichague mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Mama Cherehani akasema wataenda wote. Alisema ni kwa ajili ya kusaidiana kubeba. Ukweli ni kwamba aliogopa mumewe akienda peke yake atarudi na kitu chenye magurudumu.

Duka la fundi wa kompyuta lilikuwa ghorofani, chumba chembamba chenye maboksi yaliyopangwa hadi darini na meza moja iliyojaa bisibisi. Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke wa rika la binti yao, miwani kaipandisha kichwani, mpole kama walivyo watu waliozoea wateja wasiojua wanachotaka. Shida ni kwamba huyu wa leo alikijua.

"Shikamoo baba, shikamoo mama. Kompyuta ni ya kazi gani?"

"Marahaba. Ya kubeba mizigo mizito na kupanda nayo milima," alisema Taratibu.

Fundi hakutikisika. Alianza na kesi, lile boksi la nje linalobeba vitu vyote. Akatoa moja ya kioo, yenye taa zinazobadilika rangi zenyewe.

"Mwanangu," akasema Taratibu, "gari lenye taa za zambarau linasimamishwa na kila askari. Nipe bodi la chuma."

Akapewa la chuma. Akaligonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akaridhika. Prosesa ndiyo injini, fundi akamwambia, na Taratibu akaiweka kiganjani, kitu chembamba kama biskuti, akaigeuzageuza.

"Sasa hii inavuta kwa nini? Kwa maombi?"

Fundi akaeleza, akaeleza tena, na mzee akakubali shingo upande. Pawasaplai, kisanduku cha kulisha umeme, ilimpendeza papo hapo kwa kuwa ilikuwa nzito. Hilo ndilo tangi, akasema, apewe kubwa kuliko hilo. Fundi akamwambia kubwa zaidi halina faida, umeme wa ziada hautatumika.

"Wewe umewahi kuishiwa mafuta porini?"

Fundi akakiri kwamba hajawahi. Basi akapewa kubwa. Zilipokuja memori, Taratibu akataka na spea.

"Spea ya nini, baba? Hizi hazipati pancha."

"Hata aliyeniuzia matairi alisema hivyo hivyo."

Mama Cherehani akamfinya mkono na spea ikarudi kabatini. Hata hivyo moyo wake ulikuwa mweupe. Hakuwa amemwona mumewe akibishana na mtu baki kwa furaha namna ile tangu arudishe funguo.

Mwisho wakafika kwenye kadi ya picha. "Hii ndiyo inayochora barabara," alisema fundi. "Kwa mchezo wako, baba, hapa usibane. Hii ndiyo kila kitu." Akawasogeza kwenye kompyuta ya dukani iliyokuwa inawaka, ubavu wazi, akawaonyesha kadi pana nyeusi yenye feni. Feni zilikuwa zimesimama.

Taratibu aliruka nyuma. "Zima! Zima mara moja, feni imesimama!"

"Ndivyo ilivyotengenezwa. Kadi ikiwa baridi, feni zinapumzika. Ikipata joto, zinazunguka zenyewe."

"Feni haipumziki. Anayepumzika ni dereva."

Hapo Mama Cherehani alijua kinachofuata, na kikafuata. Zamani, angali mgeni kwenye kazi, Taratibu alikuwa akipanda mlima huku akiimba, asijue kwamba feni ya lori imesimama. Injini ikaiva, naye akakaa kando ya barabara na tangi la maziwa likimgandia mgongoni. Kila aliposimulia kisa hicho, maziwa yaliongezeka. Leo yangetosha kuogesha mtaa.

Kwenye kona ya duka kulikuwa na kompyuta nyingine kuukuu ikipiga kelele kama nyuki waliochokozwa. Taratibu akageuza shingo. "Ile pale ndiyo yenye afya. Nipe kadi ya ile."

"Ile ni kelele tu, baba. Imetumika, imechoka. Huo mchezo haitauvuta."

"Nitauvuta mimi."

Fundi akamtazama Mama Cherehani kama mtu anayeomba msaada. Mama Cherehani angeweza kusema neno moja na mambo yakaisha. Lakini alimwona mumewe amesimama wima, mkono kiunoni, kidevu juu, yule yule wa zamani, akakosa moyo wa kumshusha.

"Mpe anachotaka, mwanangu," akasema.

Kompyuta ikawekwa sebuleni, mwisho wa meza ya kukatia vitambaa, na usukani wa mchezo ukabanwa ukingoni pale ambapo kwa kawaida hukaa pasi. Ilipowashwa, jirani alichungulia kuuliza kama wamefungua mashine ya kusaga. Taratibu alivaa kofia yake ya kazini, akarekebisha kiti, akarekebisha tena, akapiga honi. Mama Cherehani aligeukia cherehani yake akitabasamu. Nyuma yake akasikia injini, kisha kishindo, kisha injini, kisha vishindo viwili, kisha kimya.

Alipogeuka, mumewe alikuwa ameshavua kofia na anaifunika kompyuta kwa kitambaa cha mteja.

"Vipi tena?"

"Nimechoka."

Mtu aliyekuwa akiendesha kutwa kucha, kachoka kabla chai haijapoa! Siku zilizofuata hakuigusa. Mbaya zaidi, aliacha hata kukaa dirishani. Malori yalipanda kilima bila mtu wa kuyahesabia gia, na mtungi wa gesi ukakaa bila kupigwa teke. Nyumba ilikuwa na amani aliyoiomba Mama Cherehani kwa muda mrefu, na hakuweza kuivumilia. Alizima pasi, akaenda kukaa karibu naye.

"Mzee wangu, sema. Una nini?"

Taratibu alitazama mikono yake. "Jicho limekwisha, mama. Na la pili linalifuata. Barabara ninaiona inakatika vipande. Gari liko hapa, mara liko kule, katikati sioni kitu. Mti ninauona wakati nimeshaugonga. Usiwaambie watoto."

Mama Cherehani aliogopa, aliogopa kweli, na kama kawaida yake akiogopa alikuwa mkali. Alikivuta kile kitambaa, akaiwasha kompyuta, akakokota kigoda hadi kushoto kwa mumewe.

"Endesha nione."

"Utaona nini wewe?"

"Endesha, nimesema."

Akaendesha. Lori likatoka kituoni, likafika barabarani, na barabara ikaruka. Mama Cherehani akafikicha macho. Ikaruka tena.

"Mbona inaruka hii?"

"Nini kinaruka?"

"Barabara! Mimi pia naiona inaruka."

Taratibu akatikisa kichwa kwa huzuni. "Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Mimi? Mimi niliyekutukana kwa gauni lile mbele ya mwenye gauni? Lini nimekupaka mafuta?"

Hilo lilikuwa kweli na Taratibu alilijua. Akafikiri. "Basi anza kusema wewe. Kila ikiruka, sema, mimi nitanyamaza."

Mama Cherehani akakaza macho kwenye kioo. "Sasa. Sasa. Imeruka tena. Sasa. Umepanda ukingo. Sasa. Yule ni ng'ombe. Basi, alikuwa ng'ombe."

Taratibu aliachia usukani. Kila mkewe aliposema "sasa", ndipo na yeye alipoona barabara ikiruka. Lori likaendelea lenyewe mpaka mtaroni.

"Kumbe na wewe macho yamekwisha," akasema kwa huruma.

"Mimi natunga uzi kwenye sindano bila miwani! Hayajakwisha yangu wala yako. Ni hiyo kadi yako ya kelele, mbishi mkubwa wewe!"

Kwanza hakuelewa. Kisha akaelewa, akaanza kucheka, akacheka mpaka akalalia usukani na honi ikalia mtaa mzima. Alipoinua uso, machozi yalikuwa yanamtoka macho yote mawili, zima na bovu, na mkewe akayafuta kwa kipande cha bitana.

Walirudi dukani siku hiyo hiyo. Fundi alikuwa amewawekea ile kadi nyeusi, bado ikiwa kwenye kompyuta ya dukani, na hakusema "nilikuambia", jambo ambalo Mama Cherehani alimhesabia kama wema mkubwa. Taratibu alisimama mbele ya zile feni zilizosimama, mikono nyuma.

"Sasa mimi nitaiaminije?"

"Vuta kiti, baba. Tuisubiri."

Fundi akaipa kadi kazi nzito, nao wote wakasogeza nyuso karibu kana kwamba kuna chungu kinakaribia kuchemka. Ilikaa kimya. Taratibu akaanza kutoka jasho. Alikuwa tayari kufungua mdomo kuhusu maziwa, pale feni moja ilipotikisika, ikajivuta, ikazunguka, na zenzake zikafuata, bila kelele yoyote. Akaweka kiganja mbele yake na upepo wa vuguvugu ukampiga.

"Imeamka yenyewe," alinong'ona. "Hakuna aliyeiambia."

Nyumbani barabara ilitiririka kama kitambaa cha hariri kinachoteleza mezani. Taratibu alitoka na mzigo wa mbao, akashika mlima, akashusha gia kwa wakati, na mvua ya mchezoni ilipoanza akawasha vipangusio na kushusha pumzi ndefu. Mama Cherehani alikuwa bado ameketi kwenye kigoda chake, akijiambia atainuka sasa hivi, ana zipu ya kubandika.

"Kushoto pakoje?" Taratibu akauliza.

"Kushoto wapi?"

"Kioo cha kushoto. Ukungu wangu uko upande huo, sikioni vizuri."

Mama Cherehani akatazama kile kioo kidogo pembeni mwa picha. "Kuna gari dogo linakuja. Subiri. Limepita. Njia nyeupe."

Taratibu akapinda. Kampuni haikuruhusu dereva kupakia mke, na katika miaka yote ile mkewe hakuwahi kukanyaga hata ngazi ya lori lake. Alikuwa akijua harufu ya dizeli kwenye mashati, basi. Sasa milima ilikuwa inamfungukia mmoja baada ya mwingine, na mumewe, bila kuulizwa, alikuwa akimweleza: kona za namna hii unapiga honi kabla, mteremko kama huu usiguse breki ovyo, na mahali kama hapa, penye miti, ndipo nilipokuwa nikiegesha nikikukumbuka.

"Hukuwahi kuniambia," alisema Mama Cherehani.

"Ningekuambiaje? Nilikuwa nikifika nimeshafika."

Mlangoni mteja akabisha hodi, kaja kuulizia sketi yake. Mama Cherehani hakugeuka. Jicho lilikuwa kwenye kioo cha kushoto.

"Samahani, dada, rudi kesho," akasema. "Niko safarini."