Simu tisa za kuazima, na tangazo la ng'ombe wa Hirbadaw

Wakuu, heshima yenu. Walionizidi umri, shikamooni.

Nitakayoandika hapa mengi nimeyaona kwa macho yangu. Nitakapofika mahali nilipoambiwa tu, nitasema niliambiwa. Mtaelewa kwa nini.

Niliporudi nyumbani na diploma yangu ya kompyuta, watu walisema sitaweza.

Mjomba wangu pale Mbulu mjini alisema mbele ya wageni: "Huyu anataka kufundisha mtandao watoto ambao hawana simu. Si sawa na kufundisha kuogelea juu ya mlima?" Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Paskali, dereva boda wa Katesh tuliyesoma naye darasa la saba, akaongeza: "Na nani atakuazima simu yake, wewe? Simu ina hela ndani, ina siri za mtu ndani. Hata mke wangu simpi."

Sasa niwaeleze mimi ni nani, ili mjue walikuwa wanamcheka nani.

Nilitoka Mbulu enzi bado tuko Mkoa wa Arusha, nikiwa na begi moja na viatu vya kaka yangu. Nilibeba mizigo stendi, nikafagia duka la stationery, nikajifunza kuchapa kwa kuchungulia bosi akichapa. Kampuni za simu zilipoanza kushindana mimi nilishakuwa nauza vocha na kutengeneza simu. Ada ya diploma nimelipa mwenyewe, muhula kwa muhula. Hakuna harambee iliyonisomesha. Narudi nakuta Manyara ni mkoa, na minara ya simu iko mpaka kwenye mbuga za wafugaji. Nikajiona nimerudi wakati wangu.

Shule ya kata moja huko Hanang, upande wa Hirbadaw, ikanipa nafasi ya kujitolea. Nikamwambia mkuu wa shule: simu za watu wazima zimejaa uongo, watoto hawa ndio wanaowasomea wazazi wao meseji. Nipe Jumamosi moja niwafundishe kutambua habari ya kweli na ya uongo.

Akasema, "Simu hapa ni marufuku, mwalimu. Ukitaka, azima kwa watu wazima, na uzirudishe zote nzima."

Nikazunguka siku nne. Nikapata simu tisa, za kuchukua Jumamosi asubuhi.

Tisa, wakuu! Nesi wa zahanati, katekista, mama Tluway wa duka, walimu wawili, na wengine. Kila mmoja nilimwandikia kwenye daftari jina lake na mkwaruzo uliopo kwenye kioo. Nilimpigia Paskali kumtajia hesabu ile, akakata.

Hapo ndipo nilipovimba kichwa.

Ijumaa jioni, kwenye grupu moja la wasomi wa nyumbani, likaingia tangazo. Lina muhuri. Lina picha ya ng'ombe wengi wamelala wamekufa kando ya mtaro. Linasema ugonjwa umeingia Hirbadaw, minada yote ya Hanang inafungwa, na mifugo itakayobaki itateketezwa bila fidia.

Mimi, mwenye diploma, mwalimu wa kesho wa kutambua uongo, nilifanyaje?

Nilifowadi. Nililirusha kwenye grupu la wazazi wa shule dakika ileile. Nilitaka niwe wa kwanza. Mtu akileta habari kubwa, watu humheshimu.

Jumamosi asubuhi wanafunzi kumi wa kidato cha tatu walikuwa wanasubiri. Tisa wanacheka. Mmoja, Martha, binti wa mzee Gidamis, amekaa mwisho anaangalia mlango.

Nikamuuliza, "Martha, una nini?"

"Mwalimu, baba anauza ng'ombe wote. Dalali anakuja kesho asubuhi na fuso. Amempa nusu ya bei, baba amekubali."

"Kwa nini?"

"Tangazo."

Wakuu, kwa asiyejua wafugaji wa kule: mzee akiuza zizi zima hajauza mali tu. Ng'ombe ndiyo chakula, ndiyo shule ya Martha, ndiyo mahari ya kaka zake, ndiyo jina la mzee akitajwa. Kesho yake mtu huyo anaamka kuangalia zizi tupu.

Nilijua ni lile nililolirusha mimi jana yake. Lakini nikalificha. Nilijiambia lile tangazo liko kila mahali, mimi ni mmoja tu kati ya mia.

Nikasema kwa sauti ya kitaalamu, "Vizuri. Hilo ndilo somo letu la leo. Tutaitafuta ile picha mtandaoni."

Mtandao pale shuleni unapatikana sehemu moja, juu ya kichuguu nyuma ya vyoo. Tukapanga foleni kwenye kichuguu. Bando langu likaisha, la katekista likaisha, na jibu lililokuja ni picha elfu za ng'ombe wa dunia nzima. Diploma ikagoma, wakuu. Nikabaki nimeshika simu juu kama mtu anayekinga mvua.

Martha akaniuliza, "Mwalimu, mtu akija nyumbani na habari, baba humuuliza kwanza amelala wapi. Halafu humuuliza: uliona au uliambiwa? Na nani? Mgeni hapewi maziwa mpaka amejibu. Sasa hii habari mbona hakuiuliza?"

Nikamwambia, "Kwa sababu imekuja kwa simu."

"Ndiyo. Haina vumbi miguuni. Twende tukaiulize."

Kwao si mbali na shule. Tukaenda wote kumi na mmoja.

Mzee Gidamis tulimkuta nje ya zizi, shuka imefungwa begani, fimbo mkononi. Tukamwamkia mmoja mmoja, shikamoo kumi na moja, akaitikia zote. Martha alipiga magoti kidogo.

"Baba, mtu akija kwa miguu unamuuliza amelala wapi. Hii ya kwenye simu umeiuliza?"

Mzee akamwangalia. Nilidhani atamfukuza. Akakaa kwenye kigoda, akasema, "Haya. Iulizeni."

Nikaweka simu sauti ya wazi. Martha ndiye aliyeuliza.

Tangazo mzee alipewa na jirani yake, Gidahoda. Tukampigia. "Uliona au uliambiwa?"

"Niliambiwa. Nimetumiwa na mama Tluway wa duka."

Tukampigia mama Tluway kwa namba ya mume wake, maana simu yake ninayo mimi mkononi. Akasema, "Mimi mwanangu sikuona ng'ombe yeyote. Mtoto wa dada yangu ana mtoto shuleni hapo, ndiye aliyenitumia."

Wakuu, nikaanza kutoka jasho. Nilikuwa naona inakuja, kama unavyoona mvua ikishuka mlimani kuelekea kwako.

Tukampigia yule mtoto wa dada. "Mimi nimeitoa kwenye grupu la wazazi."

Martha akauliza, "Kwenye grupu kalileta nani, shikamoo?"

"Marahaba. Si huyo mwalimu wenu wa kompyuta?"

Watoto kumi wakageuka. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Mzee Gidamis hakupandisha sauti hata kidogo. "Mwalimu. Uliona au uliambiwa?"

"Niliambiwa, mzee."

"Na nani?"

"Simjui."

"Amelala wapi?"

"Sijui, mzee."

Ng'ombe mmoja akakohoa zizini. Nimefanya mitihani mingi maishani, sijawahi kufeli kama pale.

Halafu mzee akasema, "Nipe hiyo picha. Ile simu kubwa."

Simu kubwa ilikuwa ya nesi. Nikamwonyesha namna ya kupanua kwa vidole viwili. Akapanua, akaisogeza, akarudi, akapanua tena. Alikaa na ile picha muda mrefu kuliko mimi nilivyokaa nayo. Mimi sikuiangalia hata sekunde tano. Akamwita mwanawe mkubwa, wakaongea kwa kilugha, mtoto akatikisa kichwa.

Mzee akasema, "Hawa wana masikio mazima, bila alama ya kukatwa kama wetu. Wote. Na hapa pajani hakuna chapa. Ng'ombe wa Hirbadaw asiye na chapa ni wa nani?" Akagonga kioo kwa ukucha. "Na huyu mwenye nundu ndogo hivi, sijamzalisha mimi, hajazalishwa na Gidahoda, hajazalishwa na mtu ninayemjua. Hawa wamekufa, ndiyo. Lakini hawakufia hapa."

Macho ya mzee yalisoma kile ambacho mashine yangu juu ya kichuguu ilishindwa kusoma.

Mvulana mmoja akasema kwa upole, "Mwalimu, kwani tusimpigie bwana mifugo?"

Wakuu, tulikuwa na simu tisa na hakuna aliyekuwa amempigia mtu wa ng'ombe. Namba yake ipo kwa kila mfugaji wa kata ile. Mzee anayo. Mimi ninayo.

Bwana mifugo akapokea akiwa anatafuna. "Tangazo gani? Hakuna ugonjwa, hakuna amri. Mnada wa Jumatatu upo kama kawaida, nami nitakuwepo. Nani anawatisha?"

Nikasema, "Mimi, bwana mifugo." Sauti ilitoka ndogo.

Mzee akasimama, akaenda zizini, akamshika ng'ombe mmoja shingoni. Martha alikaa chini akafunika uso kwa kitenge.

Yaliyotokea Jumapili asubuhi sikuona, niliambiwa na Martha. Fuso lilifika. Dalali akashuka na kuanza kuharakisha watu. Mzee akamwekea kigoda, akamuuliza, "Umelala wapi?" Dalali akasema hana muda wa hadithi. Fuso likarudi tupu. Kama yule dalali ndiye aliyeanzisha tangazo, sijui. Sina ushahidi, na siku hizi jambo nisilolijua naliacha hapo.

Mimi Jumapili ileile nilikuwa na kazi yangu. Kwanza niliandika kwenye grupu la wazazi kwamba tangazo ni la uongo, na aliyelileta bila kuuliza ni mimi. Halafu nikachukua daftari na simu tisa, nikazunguka kwa miguu.

Nilitaka niwaambie uso kwa uso. Watu hawa waliniamini kwa kitu chenye hela na siri zao ndani, na mimi nikawalipa hofu.

Nesi alikagua kioo, akasema asante. Katekista aliuliza bando lake liko wapi, nikamnunulia lingine. Wa mwisho alikuwa mama Tluway. Nilimpa simu yake, nikamweleza yote. Akashika kiuno.

"Kumbe hata wenye diploma mnafowadi!"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Na haya unayoniambia leo, kwamba ng'ombe wako salama na mnada upo. Uliona au uliambiwa?"

"Ng'ombe nimewaona, mama. La mnada nimeambiwa na bwana mifugo mwenyewe, kwa sauti yake."

Akaingia ndani, akarudi na kikombe cha maziwa.

Nilikunywa pale dukani nimesimama. Daftari likawa halina jina hata moja lililobaki. Nikampigia mjomba Mbulu, nikamwambia simu tisa zimerudi zote nzima na watoto wamejifunza. Akauliza nani aliwafundisha. Nikamwambia ukweli: Martha.

Bado najivuna, wakuu, msidhani nimebadilika sana. Lakini somo langu sasa halianzi na kompyuta. Linaanza na maswali ya mzee Gidamis, na mtu anayejua jambo tunampigia kabla ya kupanda kichuguu.

Uwanja ni wenu. Nani hapa amewahi kufowadi kitu kikamrudia mwenyewe? Tuambieni. Ila ukileta habari kwenye uzi huu, anza kwa kutuambia umelala wapi.