Mkanda wa Muoki

Muoki, mchonga vinyago wa Kayole, alikuwa akijifunza mieleka ya Kichina katika ukumbi wa kanisa. Mwaka wa 1996 alimwangusha rafiki yake Kweyu vibaya, akamvunja bega. Tangu siku hiyo hakuthubutu kumshika mtu. Alifunga mkanda kwenye nguzo ya ukumbi, akawa anageuza kiuno na kuuvuta kama anayemtupa mtu, mpaka viganja vikachubuka. Miezi minane alishinda na nguzo hiyo.

Jumamosi moja Kweyu alikuja, akaufungua mkanda, akajifunga yeye kiunoni.

“Haya, nitupe.”

“Siwezi, ndugu yangu.”

“Bega limepona, tazama!” Kweyu akainua mkono juu.

Muoki akaushika mkanda, akageuza kiuno nusu, akaishia hapo. Akauachilia, akatoka nje bila hata kuvaa viatu vyake.