Kanga wa Miguu Mitatu Kwenye Kompyuta ya Nne

Mwaka 2011, karibu na soko la mji wa Baraka, kando ya ziwa, palikuwa na nyumba ya mabati yenye kompyuta nne za mtandao. Aliyezitunza ni Godelieve Nyassa, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, mwenye sauti ya juu na subira fupi. Hakusomea kompyuta. Masista walimfundisha kupiga mashine ya kuandikia, mashine ikapitwa na wakati, naye akahamia kwenye kompyuta kama mtu anayehama nyumba inayovuja.

Mtandao ulishuka kwenye sahani ya satelaiti iliyofungwa juu ya paa, na umeme ulitoka kwenye jenereta iliyokohoa nyuma ya ukuta. Siku ya mawingu, ukurasa mmoja ulifunguka polepole hadi mteja akasinzia. Godelieve akaanza kukichokonoa kivinjari mwenyewe, kile ambacho wateja walikiita navigateri, akagundua kwamba kinaweza kuongezewa vitu. Akaweka nyongeza ya kuzuia matangazo, kurasa zikaanza kukimbia. Akaweka nyingine ya kuhifadhi ukurasa mzima, ili mtu aendelee kusoma hata mtandao ukikatika. Halafu akaweka ya kusahihisha Kifaransa, na hiyo ndiyo iliyompa sifa mjini. Walimu walikuja hapo na ripoti zao hata kama njiani kulikuwa na vizuizi vya askari viwili.

Shida ilibaki kwenye namba. Ukimwambia mteja aende kwenye kompyuta ya tatu, huyu anahesabu kutoka mlangoni, yule kutoka dirishani, na wote wawili wanakalia kiti kimoja. Kwa hiyo Godelieve akavivalisha vivinjari mandhari, yaani picha inayokaa juu kabisa ya dirisha, kila kompyuta na yake. Moja ilipata mawe, nyingine majani, nyingine anga jekundu. Watu wakaacha namba, wakawa wanasema, "Mi niko kwa ile ya majani."

Kompyuta ya nne ilikuwa bado uchi. Jumanne moja ya Septemba, asubuhi, Godelieve aliketi kuitafutia vazi. Alitaka urembo wa kanga, zile nguo ambazo bamama walivuka nazo kutoka Kigoma. Akaandika neno hilo moja, kanga, kwenye ghala la mandhari, ambako mtu yeyote duniani anaweza kuweka picha yake. Zikaja picha mbili. Ya kwanza ilikuwa nguo kweli. Ya pili ilikuwa ndege, kanga wa porini, wametariziwa kwa uzi mweusi na mweupe kwenye kitambaa cha mezani, wamepangwa mstari mmoja.

Kila ndege alikuwa na miguu mitatu.

Godelieve akawahesabu tena kwa kidole. Duniani palikuwa na mtu mmoja tu aliyetarizi kanga wa namna hiyo, na mtu huyo asubuhi ile alikuwa nyumbani anachambua maharage: mama yake, Marthe. Alipokuwa msichana alikosea kuhesabu nyuzi, ndege akatoka na mguu wa ziada. Mchumba wake akacheka sana. Marthe akaapa kwamba kanga wake wote watakuwa na miguu mitatu mpaka afe, na akaolewa na yule aliyecheka.

Vitambaa vyote vya Marthe viliungua na nyumba mwaka 1996. Kimoja tu kilitoka. Ndicho alichofungia nguo za Fabien, mtoto wake wa kwanza, alipomtuma avuke ziwa pamoja na vijana wengine kabla vita havijafika. Baada ya wiki mbili habari ilikuja kwamba mtumbwi wao umezama mbele ya rasi ya Ubwari. Waliomboleza bila mwili.

Chini ya picha palikuwa na maneno madogo. Jina la mandhari: Kanga wa Bibi. Aliyetengeneza: Godelieve Nyassa.

Aliruka juu hivi kwamba kiti kilianguka kwa kishindo kwenye saruji. Mwalimu Nicolas, aliyekuwa kwenye ile ya majani, alikuwa tayari amelala chini kifudifudi, mikono kichwani, kama kila mtu wa Baraka alivyojifunza kufanya akisikia mlio wa bunduki.

"Banapiga wapi?" aliuliza kutoka sakafuni.

"Hakuna mutu anapiga, mwalimu. Amuka. Kuya unisomee hili jina."

Mwalimu akainuka, akapangusa suruali, akainama. "Godelieve Nyassa. Si ni weye?"

"Ni mi."

"Basi ni weye ulitengeneza."

"Sikutengeneza kitu! Ile kitambaa ilizama kwa maji na kaka yangu!"

Mwalimu Nicolas alimwangalia, akaangalia kompyuta, akachukua koti lake akaenda zake bila kumaliza ripoti.

Godelieve hakumwambia mama yake. Angemwambia nini? Aliandika maoni chini ya picha: "Mimi pia naitwa Godelieve Nyassa. Bibi aliyeshona hawa kanga ni nani? Nijibu." Akaacha anwani yake ya barua pepe. Kesho yake mapigano yakalipuka kwenye njia ya Lulimba, watu wakabeba magodoro, na nyumba ya kompyuta ikafungwa siku sita. Kwa siku hizo sita alipika, akateka maji, akaongea na watu, bila kusikia hata neno moja aliloambiwa.

Alipofungua tena, jibu lilikuwa linamsubiri.

"Godelieve Nyassa ni shangazi yangu. Alikufa vitani pamoja na Bibi Marthe, wakachomwa ndani ya nyumba. Mimi nilizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi, nikapewa jina lake lote. Tafadhali usicheze na majina ya wafu wetu. Nilimuonyesha Baba maneno yako na hajala toka jana."

Alisoma mara tatu. Si watu wengi wanaosoma habari ya kifo chao. Akajishika mkono, halafu shingo, akahisi damu inapiga. Ndipo akaandika: "Mwambie baba yako Fabien kwamba Mama alikosea kuhesabu nyuzi na Baba akacheka. Nani mwingine anajua?" Akaongeza namba ya simu.

Simu ililia kabla jenereta haijaishiwa mafuta. Sauti ya mwanamume, nzito, ilisema, "Nyassa?" Godelieve akaikaza simu sikioni. "Nyassa, kama ni wewe, nitukane kama zamani."

"Mujinga," alisema Godelieve, akaanza kulia. "Yaya Fabien, kaka yangu mujinga weye, ulikuwa wapi?"

Alikuwa Norwei, alikopelekwa pamoja na wakimbizi wengine. Mtumbwi uliozama haukuwa wake. Yeye alipata nafasi kwenye wa pili. Kambini akakutana na jirani aliyeiona nyumba yao ikiungua, akaamini walikuwa ndani, kumbe walikuwa wameshakimbilia shambani. Hakuwatafuta, kama wao wasivyomtafuta. Kitambaa kilikuwa kimetundikwa ukutani sebuleni kwake, na binti yake, msichana wa miaka kumi na minne anayependa kuchezea kompyuta, alikuwa amekipiga picha ili kivinjari chake kipate sura ya kwao.

"Na Baba?" Fabien aliuliza.

"Baba alikufa 2004."

Hapo Fabien akaomba aongee na Mama.

Marthe alipoletewa simu nyumbani, aliishika mbali na sikio kama kitu cha moto. Fabien akasema, "Mama." Marthe akamrudishia Godelieve simu, akaingia ndani, akafunga mlango. Alitoka baada ya muda, kilemba kichwani, viatu vya misa miguuni.

"Unaenda wapi, Mama?"

"Kwa padri. Jina yake iko kwa liste ya batu balikufa. Kila Novemba minalipeleka basome misa. Sasa balitoe."

"Huongei naye kwanza?"

"Nimeongea naye miaka kumi na tano, hakujibu. Angoje kidogo."

Waliongea jioni hiyo, maneno machache, na Marthe alitetemeka siku tatu kama mwenye malaria. Mwaka uliofuata Fabien alifika Bujumbura. Njia ya Fizi, ya kufika Baraka, aliiogopa. Marthe akapanda boti mpaka Uvira, akavuka mpaka, na walipokutana alimpiga kofi mbele ya watu, kisha akamshika masikio yote mawili asiyaachie.

Msichana hakuja safari hiyo. Yeye na shangazi yake huandikiana. Katika barua ya kwanza aliuliza kama inabidi abadilishe jina, kwa kuwa mwenye jina hakufa. Godelieve akaivalisha kompyuta ya nne wale kanga wa miguu mitatu, halafu akamjibu kutoka hapo hapo: "Baki nalo. Mguu wa tatu nao ulikuwa kosa, na Mama hakuutoa."